Mutaa wa Mama Mkwe

Juzi Daktari Achieng alikuja kunitembelea. Nywele zimekuwa nyeupe kama pamba, magoti hayamtii, lakini mdomo ni ule ule. Alikaa kwenye kochi langu, akakataa soda, akadai muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na mke wangu Ndunge akampakulia sahani ambayo mimi mwenye nyumba sijawahi kuiona. Tukiwa tunakula, jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, akapita kutusalimu akiwa na kichupa alichonunua sokoni Machakos. Kilibandikwa karatasi yenye picha ya jani: mafuta ya mutaa, yanaponya kansa, sukari, presha, na yanarudisha nguvu za kiume. Daktari alikifungua, akanusa, akanipa nami ninuse. “Mutisya,” akasema, “hii ni mafuta ya kupikia imetiwa kafuri.” Nikamwambia mwalimu arudi kwa aliyemuuzia, amwambie Mutisya wa mapipa amesema yeye ni mwizi. Mwalimu alikasirika. Akauliza mimi, mtu wa darasa la nne, najua nini kuhusu mafuta ya mutaa na kansa. Ni swali zuri, na sikumjibu siku hiyo kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Namjibu hapa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa nimeacha kazi ya boila katika kiwanda kimoja cha nyama Athi River, nikajifungulia karakana yangu ya kuchomelea vyuma chini ya vilima vya Lukenya. Sikukopa, sikusaidiwa, sikuombewa na mtu. Nilijua mvuke kama vile mchungaji anavyojua mbuzi wake: unapopanda, unapokataa, unapotaka kukuua. Daktari Achieng alikuwa anafundisha kemia chuo kikuu huko Nairobi, na alikuwa anatafuta mtu wa kumkunjia bomba la shaba bila kulibonyeza. Wakamwelekeza kwangu. Alifika na viatu vya mjini, akaniambia anataka kutoa mafuta kwenye majani ya mutaa, mengi, si yale matone anayopata kwa vyombo vyake vya kioo. Nikacheka. Mutaa! Kichaka kile kinachoota kwenye ua wa kila boma Ukambani, tunachotia ghalani kufukuza fukusi, tunachochemshia mtoto mwenye mafua. “Unataka kufanya nini nayo?” nikamuuliza. Akasema anataka kujua ndani yake mna nini, kitu kwa kitu, na kama kuna kitu humo kinachoweza kupigana na kansa. Sikucheka tena. Nilimwambia anipe wiki.

Mtambo niliojenga naujivunia hadi leo. Chini ya pipa maji, juu yake wavu, juu ya wavu majani yaliyoshindiliwa, kifuniko kimebanwa kwa unga uliokandwa, na bomba la shaba likipita ndani ya hori la maji baridi. Mvuke unapanda, unabeba mafuta ya jani, unapozwa, unatonea kwenye chupa: maji chini, mafuta juu. Haukuvuja hata mara moja. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, upande mmoja stovu na kuni, upande mwingine meza ya daktari iliyojaa vichupa vya rangi ya kahawia, na harufu iliyokuwa inakaa kwenye nguo hadi kanisani watu wakawa wanatupisha. Naibu wa chifu alikuja akiwa na askari wawili, ameambiwa kwamba Mutisya anapika chang'aa na mwanamke wa Nairobi. Alichovya kidole kwenye chupa, akalamba, na nasikia ulimi wake haukuonja chumvi hadi siku ya pili. Hakurudi.

Majani yaliletwa na mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni kundi la wanawake wa kijiji wanaofanya kazi pamoja: leo shamba la huyu, kesho bwawa la wote. Kila mmoja alikata mutaa wa ua wake, akafunga mzigo, akauleta bandani, na mizigo yote ikamwagwa kwenye turubai moja na kuchanganywa. Hiyo ndiyo sheria ya mwethya. Mzigo wa mtu haukataliwi, haupimwi, hauwekwi kando. Ukiuweka kando umemtukana mwenye mzigo na nyumba yake. Walifanya kazi wakiimba, adhuhuri wakala isyo, mahindi na kunde kwenye sufuria moja kubwa, na masengenyo yao yalinifikia vizuri nikiwa nyuma ya stovu.

Kiongozi wao alikuwa Wanza, mama yake Ndunge, yaani mama mkwe wangu. Hapo ndipo palipo na shida, na inabidi nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganywa na haya, kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Siku hizi vijana wanapiga selfi na mama wakwe zao. Sisi hatukusalimiana kwa mkono, hatukukaa chumba kimoja, nikimwona njiani nilipita kwenye majani. Na kufanya kazi pamoja, je? Tulifanya, lakini kwa kumpitia Ndunge, aliyesimama katikati kama nguzo ya simu. “Ndunge, mwambie mama mzigo huu una umande, uanikwe,” nilisema nikiwa nimempa mama mgongo. Naye, hatua chache kutoka hapo, akisikia kila neno: “Ndunge, mwambie huyo mtu wa mapipa kwamba umande si maji ya mto.” Wanawake walikufa kwa kicheko. Daktari Achieng, Mjaluo wa watu, alidhani tumegombana.

Pipa la kwanza lilitoa mafuta mazuri. Daktari aliyapeleka Nairobi, akaketi na mashine inayotenganisha vitu vya ndani na kuvichora kama vilima. Akarudi na karatasi. Hiki kilima kirefu ni kafuri, akasema, hiki ni kitu kilichomo pia kwenye mkaratusi, hiki ndicho kinachoipa karafuu harufu yake. Halafu mwenzake akatia matone ya mafuta yale kwenye seli za kansa zinazokuzwa ndani ya glasi, na seli nyingi zikafa. Daktari alifurahi hadi akavua viatu. Mimi nikapika pipa la pili. Hilo halikuua kitu. La tatu likaua kidogo. Vilima kwenye karatasi vilikuwa vinabadilika kila mara, kimoja kinapanda, kingine kinapotea kabisa. Akalishuku pipa langu. Nikamwambia bora alishuku kanisa kwanza. Tulibishana asubuhi nzima, hadi akainuka, akaenda kwenye mizigo kabla haijamwagwa, akaanza kuinusa mmoja mmoja akiwa amefumba macho. “Hii si mmea mmoja,” akasema. “Jina ni moja, majani yanafanana, lakini ndani kila boma iko na yake. Hii kafuri tupu. Hii kama limau. Tunapika supu, Mutisya. Lazima kila mzigo ipikwe peke yake.”

Nilijua hapo hapo kwamba itakuwa vita. Ndunge alipolipeleka jambo hilo kwa wanawake, isyo iliachwa ikapoa. “Anataka kutupanga kama ng'ombe wa mnada,” mmoja akasema. “Kesho utasikia mutaa wa fulani ni maji tu, na yeye mwenyewe ni maji.” Mwingine akasema kwamba kukitenganishwa majani, kutatenganishwa na wenyewe. Wote wakamtazama Wanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, sauti nzito, mikono haitulii. Hata akiamua kesi alikuwa anasuka kiondo. Alisuka mzunguko mmoja hadi mwisho. Kisha akasema: “Ndunge, mwambie yule wa mapipa na daktari wake. Tutakubali, lakini chupa hazitaandikwa jina la mtu. Kila mmoja atafunga uzi wa kiondo chake kwenye shingo ya chupa. Anayejua uzi wake ajue. Mwingine asiulize.” Ikapita. Daktari alipiga magoti kumshukuru, kitu ambacho Wajaluo wanakijua vizuri, na Wanza akampa kiazi kitamu.

Basi tukapika mzigo mmoja mmoja, kazi ya kuchosha. Ule wa kafuri nyingi uliganda kwenye bomba kama chumvi, ikabidi nizibue kwa waya. Mwingine, ambao Kalekye wa mwethya alijigamba kuwa ni wake, ulitoa mafuta membamba yanayonukia kama ganda la limau. Wa uzi wa zambarau ulitoa kidogo, mafuta mazito yaliyochelewa kuelea, na banda lote likanukia karafuu kama pilau ya Wasomali wa Athi River siku ya Idi. Sikuuliza uzi ni wa nani. Sikuhitaji kuuliza. Kiondo cha zambarau kilikuwa kinaning'inia nyumbani kwangu. Mama mkwe ndiye aliyekisuka.

Siku moja mchana, wakati chupa zile ziko Nairobi, nilikuwa nimelala kwenye kivuli nyuma ya jiko letu, mgongo umechoka. Ndunge na mama yake walikuwa ndani wakimenya ndizi, hawajui niko hapo. Nikasikia Ndunge analia. “Mama, tangu lini?” “Tangu mavuno ya mbaazi. Kilikuwa kama mbaazi pia. Sasa ni kama yai la kwale.” “Kwenye titi?” “Kwani yai la kwale linakaa wapi kwa mwanamke, kwenye goti? Acha kulia, ndizi inakuwa nyeusi.” Ndunge akamwambia waende hospitali kesho yake. Wanza akakataa. Alimtaja jirani aliyekatwa akarudi kwa jeneza; akasema wakikufungua upepo unaingia na ugonjwa unatambaa. Halafu akasema neno lililonitoa usingizi. “Nangojea mashine ya daktari iseme. Ikisema mutaa inaua hii kitu, nitakunywa nikae kwangu. Ikisema haiui, tutaongea.”

Nililala pale nikitazama mabati. Elewa hali yangu. Sikutakiwa hata kujua kwamba mama mkwe ana titi, sembuse kujua lina nini. Nilimweleza Daktari Achieng alipokuja, kwa sababu yeye si mtu wa kwetu na nthoni haimfungi. Alikaa chini kwenye gogo. Alikuwa amekuja na majibu. Chupa moja tu ndiyo iliyoua seli kweli kweli, na akaitoa kwenye mkoba. Uzi wa zambarau.

“Mwambie aende hospitali,” nikasema. “Si wewe ni daktari?”

“Mimi ni daktari wa kemia. Sitibu hata kuku. Na Ndunge ameshamwambia, mama hasikii.” Akaizungusha chupa mkononi. “Na hii hatumwambii.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu atakunywa. Mutisya, seli kwenye glasi hazina ngozi, hazina damu, hazina maini. Hata sabuni ya kufulia inaziua. Hii inaonyesha uwezo tu, mahali pa kuanza kutafuta. Kutoka hapa mpaka dawa ni miaka, na mara nyingi haifiki. Lakini mtu akisikia ‘imeua’, ile ‘lakini’ inayokuja nyuma hasikii.”

“Basi mimi nitaanza na lakini.”

Alisema nitaua mtu. Nikamwambia tukinyamaza ataendelea kungoja, na kile kitu hakimngojei. Tena ni majani yake, ni uzi wake, yeye ndiye aliyewashawishi wenzake. Umchukulie mtu mutaa wake, uupike, ujue siri yake, halafu umfiche kwa sababu unaogopa atakuwa mjinga? Wengi walikuwa wamenifanyia hivyo maishani kwa sababu ya darasa langu la nne. Sikuwa tayari kumfanyia mwingine.

Ndunge alikuwa ameenda mtoni. Sikumngojea, maana ningemngojea ningeogopa. Niliingia jikoni kwa mama mkwe wangu. Ndiyo, jikoni. Mkamba wa rika langu akisoma hapa ataweka kitabu chini. Chumba kilikuwa kidogo, kuta nyeusi kwa moshi, matawi ya mutaa yamening'inizwa juu ya meko, na Wanza kwenye kigoda akichagua mawe kwenye ungo wa mbaazi. Aliponiona alivuta leso hadi kidevuni, akamgeukia kuku aliyekuwa anadonoa karibu na mlango.

“Kuku,” akasema, “mwambie huyu mtu amekosa nyumba.”

“Mama, naongea na wewe, siongei na kuku.” Nikaketi kwenye gunia, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Alikuwa na macho ya Ndunge. “Lakini ni kwenye glasi tu,” nikaanza.

“Lakini ya nini? Hujasema neno.”

“Majibu yamekuja. Lakini sabuni pia inaua.”

“Mutisya, umekunywa?”

Nikaona mpango wangu wa lakini umeharibika. Nikasema yote moja kwa moja: nilisikia nyuma ya jiko, najua kuhusu yai la kwale, chupa zote zimejaribiwa, na iliyoua ni ya uzi wa zambarau. Mikono yake ilisimama. Sijawahi kuona mikono ile imesimama.

“Yangu?”

“Yako.”

“Si ya Kalekye? Anajigamba na mutaa wake.”

“Ya Kalekye ni limau tu.”

Alitabasamu, meno yote. Sikatai kwamba niliogopa. Nilisema daktari anaapa kwamba si dawa, kwamba glasi si mwili, nikayasema yale ya ngozi na damu na maini kama nilivyoambiwa, na nikaona hayaingii popote. Alikuwa anatazama juu, kwenye matawi yaliyokaushwa na moshi wake mwenyewe. Tabasamu likakaa, halafu likaanza kwenda, polepole.

“Huu mutaa,” akasema, “nilipewa mche na mama yangu nilipoolewa. Nimeuchemshia watoto. Nimeoga nao kila nilipojifungua. Chai yangu ya asubuhi ni hii, Ndunge akuambie, sikunywa majani ya dukani hadi nilipokuwa na wajukuu, na hata sasa nachanganya.” Akashika leso pale kifuani, mbele yangu, bila haya. “Sasa niambie, wewe mtu wa mapipa. Kama ndio ule wenye nguvu kuliko wote, na nimeunywa miaka yote hiyo, hiki kitu kimeota vipi? Kimeota humu humu. Kilikuwa kinakunywa pamoja na mimi.”

Alikuwa hanihoji mimi. Alirudi kwenye ungo, akatoa jiwe, akalitupa nje, kuku akalikimbilia.

“Ningesikia ni ya Kalekye,” akasema, “ningeenda kuomba kwake majani na kukaa hapa nikinywa hadi nife. Ningesema ndiyo hiyo niliyokosa. Kumbe niliyonayo ndiyo yenyewe.” Akainuka. “Umeingia jikoni kwangu na umetaja titi langu. Mbuzi utalipa, tena mwenye mafuta. Na kesho utanipeleka wewe, kwa sababu baba yake Ndunge akisikia hospitali ataanza kuhara.”

Mbuzi nililipa. Alichinjwa, wazee wakala, na tangu siku hiyo mimi na yeye tuliongea mdomo kwa mdomo, mara nyingi kwa ubishi. Mwethya iliendelea kuleta majani, kila mzigo na uzi wake, na dunia haikuanguka. Daktari Achieng aliandika matokeo yake, akatafuta ni kitu gani hasa ndani ya mafuta yale kinachofanya kazi, na bado wanaomfuata wanatafuta. Nilimuuliza juzi kama itafika kuwa dawa. Akasema hajui, na hakuona aibu kusema hajui. Ndiyo maana namheshimu kuliko huyo mwenye vichupa sokoni, anayejua kila kitu. Wanza walimkata titi huko Nairobi, akapata na dawa nyingine za kutundikwa ambazo zilimtoa nywele, na akaishi akazika wengi, Kalekye akiwemo. Wapo wanaosema kwamba mutaa ndio uliomponya. Wakisema mbele yangu nawakatiza, mazishini au harusini.

Lakini siku ile ya kwanza, hospitalini Machakos, mimi nilibaki nje ya pazia, maana hata kuvunja nthoni kuna mwisho wake. Benchi lilikuwa gumu, korido inanuka dawa ya kusafishia sakafu, na ndani nesi kijana alikuwa anauliza maswali yake kwa sauti ya juu kana kwamba kila mzee ni kiziwi, akimwita susu, yaani nyanya.

“Susu, unatumia dawa ya miti shamba?”

“Natumia.”

“Gani?”

“Mutaa. Kila siku tangu niolewe. Na ni ile kali, imepimwa Nairobi.”

Nesi akashusha pumzi, ile ya mtu aliyezoea kugombana na wazee. “Sasa susu, kama uko na dawa yako kali hivyo nyumbani, huku umekuja kufanya nini?”

“Si ndiyo hiyo imenileta,” akasema mama mkwe wangu. “Nivue hii blauzi ama nini?”